Jina Serengeti ni la nani? Haki zako kabla ya kununua majina ya intaneti

Mtaji wa kuingia katika biashara ya majina ya kikoa, yale ambayo wengi wetu huyaita domeni, ni mdogo kuliko bei ya mbuzi mmoja mnadani. Unalipia jina linaloishia na .com au .co.tz kwa mwaka, unalishikilia, unasubiri mwenye kulihitaji aje na fedha. Mwaka 2019 jina voice.com liliuzwa kwa dola milioni 30 za Marekani, na habari za namna hiyo ndizo zinazowakosesha vijana usingizi. Majina mengi yanayonunuliwa kwa matumaini hayo hayapati mteja kamwe. Lakini hasara ya ada ya mwaka si kitu. Kinachonishughulisha ni hasara ya kisheria, na kwa watu wa Mugumu, Robanda, Nyamongo na Sirari mkoani Mara mitego yake iko karibu kuliko wanavyodhani.

Tuanze na jina ambalo kila anayeanza hapa kwetu atalifikiria kwanza: Serengeti. Je, ni halali mtu wa kawaida kusajili jina lenye neno hilo? Kwa kawaida ni halali. Umaarufu wa mahali peke yake haumpi yeyote hatimiliki ya jina lake. Mwaka 2000 jopo la Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, liliamuru jina barcelona.com likabidhiwe kwa halmashauri ya jiji la Barcelona. Waliokuwa wamelisajili wakaenda mahakamani Marekani, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikawapa ushindi: jina la jiji kama jina la jiji si alama ya biashara chini ya sheria ya nchi hiyo. Kwa hiyo ukiunganisha Serengeti na neno la kawaida kama safari au kambi, ukaanzisha ukurasa wa kweli wa kuongoza wageni wanaoingia kwa lango la Ikoma, umesimama mahali pazuri.

Mambo hubadilika neno hilohilo likibandikwa kwenye bidhaa. Serengeti ya kwenye chupa ya bia ni ya Serengeti Breweries. Ukisajili jina la Serengeti lenye neno bia au lager, huwezi kujitetea kwamba ulikuwa unasifia mbuga. Vivyo hivyo kwa majina ya loji na kambi zinazozunguka hifadhi: mengi yameundwa kwa neno Serengeti na neno jingine, na muungano huo unaweza kuwa alama ya mtu. Nyamongo nako, kwenye mgodi wa dhahabu, usajili wa jina lenye Barrick kwa matumaini kwamba kampuni italinunua ni kujichongea kesi.

Kesi za aina hii kwa majina ya .com huamuliwa kwa utaratibu uliowekwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, tangu mwaka 1999. Majina ya .tz nayo yana utaratibu wa karibu na huo. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina lako linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba huna haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba ulilisajili na unalitumia kwa nia mbaya. Akishindwa moja, ameshindwa yote.

Hapo kwenye nia mbaya ndipo wanaoanza hujimaliza wenyewe. Kanuni zinasema wazi kwamba kusajili jina kwa lengo kuu la kumuuzia mwenye alama, au mshindani wake, kwa bei inayozidi gharama ulizotumia ni ushahidi wa nia mbaya. Sasa fikiria kijana aliyesajili jina la loji, halafu akamwandikia meneja barua pepe: «Ninalo jina lenu, nipeni milioni tatu.» Amejiandikia hukumu kwa mkono wake. Barua hiyo itakuwa kiambatisho cha kwanza cha malalamiko. Ndiyo maana nashauri ununue maneno ya kawaida, ya kazi na mazao na huduma, ambayo watu wengi wanaweza kuyahitaji. Jina linaloeleza kahawa ya Tarime litamvutia mnunuzi yeyote wa kahawa. Jina la kampuni moja lina mteja mmoja tu, na mteja huyo ana wakili.

Ukiletewa malalamiko, usiingiwe na hofu ukakabidhi jina siku hiyohiyo. Una siku 20 za kujibu. Ada ya WIPO, ambayo ni dola 1,500 kwa jopo la mtu mmoja, hulipwa na mlalamikaji. Ukishindwa unapoteza jina. Jopo halina mamlaka ya kukutoza fidia. Usiporidhika, una siku 10 za kazi kufungua shauri mahakamani kabla uamuzi haujatekelezwa. Na jambo ambalo wakubwa hawapendi ulijue: jopo likiona kampuni imeleta malalamiko ili kumnyang'anya mtu jina lake halali, linaweza kutamka hivyo hadharani katika uamuzi.

Watu wa Sirari wana hesabu nyingine. Ukivuka kizuizi uko Isebania, Kenya, na jina la .co.ke ni rahisi kulipata kama la .co.tz. Lakini Kenya imelifanya jambo hili kuwa jinai. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya mwaka 2018 kinamwadhibu anayetumia kwa makusudi, bila idhini, jina la biashara, alama au kikoa cha mwingine kwenye intaneti: faini hadi shilingi 200,000 za Kenya, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa zaidi kujifanya mtu mwingine, na adhabu yake ni kali: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 7. Mwenye kufungua ukurasa unaofanana na wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kupokea fedha za viingilio hatahojiwa kuhusu kikoa tu.

Kabla ya kulipa, basi, tafuta jina hilo kwenye kumbukumbu za alama za biashara za BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kwenye hifadhidata ya alama ya WIPO ambayo ni ya bure. Cheti cha jina la biashara ulichopewa na BRELA si usajili wa alama ya biashara. Wengi huvichanganya. Alama husajiliwa peke yake, hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na ya Tanzania Bara haivuki kwenda Zanzibar.

Nini hasa unachonunua? Si kiwanja. Unachopata ni haki ya mkataba ya kulitumia jina kwa muda uliolipia, usiozidi miaka 10 kwa mkupuo mmoja kwa .com. Mwenye haki hiyo ni yule aliyeandikwa kwenye usajili, hata kama fedha ilitoka mfukoni mwako. Mgogoro ninaoutarajia zaidi Mugumu uko hapa, si kwenye kesi za WIPO: mwenye nyumba ya wageni anamlipa fundi wa tovuti, fundi anasajili jina kwa jina lake na barua pepe yake, wakikosana fundi anabaki nalo. Dai kwa maandishi, tangu siku ya kwanza, kwamba jina lako, barua pepe yako na namba yako ndivyo viandikwe. Makubaliano ya barua pepe au ujumbe wa simu yana nguvu kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayatambua. Kwa hiyo usifute mazungumzo.

Kwa majina ya .com kampuni ya usajili inawajibika kukukumbusha mara mbili kabla muda haujaisha: takriban mwezi mmoja kabla, kisha takriban wiki moja kabla. Ukichelewa, jina likishafutwa bado kuna siku 30 za kulikomboa, kwa ada kubwa. Ukitaka kuhamia kampuni nyingine na jina halijafungiwa uhamisho, kampuni unayoihama ina siku 5 kukupa msimbo wa kuhamishia. Fahamu pia kwamba kwa siku 60 baada ya kusajili huenda usiweze kuhama, hivyo usimwahidi mnunuzi makabidhiano ya kesho.

Wezi nao wanajua soko hili. Mnunuzi asiyeonekana anakuahidi maelfu ya dola, ila kwanza ulipie cheti cha tathmini kwenye tovuti anayoitaja yeye. Hakuna mnunuzi, tovuti ni ya mwizi mwenyewe. Mwingine anaandika kwamba kampuni ya China iko mbioni kusajili jina lako, ulipie haraka ulilinde. Ankara ya kuhuisha ikitoka kwa kampuni usiyoijua, iache. Katika mauzo makubwa tumia kampuni ya amana, inayoshika fedha hadi jina lihamishwe, na uichague wewe, si mnunuzi usiyemjua.

Ukiwa umeibiwa, ripoti polisi, na ujumbe wa kitapeli wa simu upeleke 15040. Mgogoro na kampuni ya usajili wa .tz anza nao kwa maandishi. Wasipojibu, nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya halmashauri yako itakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Nenda na stakabadhi za malipo, nakala ya usajili inayoonyesha jina la mmiliki, na mazungumzo yote yakiwa yamechapishwa. Stakabadhi hizohizo ndizo TRA watakazozitaka siku utakapouza jina kwa faida, kwa kuwa faida hiyo ni mapato na ina kodi.