Kuziba maungio ya mtumbwi wa mbao: mwongozo kwa mafundi wa Saio

Fundi wa Saio, mtaa wa Bunia, anayeunda mtumbwi wa kasia huuunda mbali na maji. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Albert liko chini, kama mita 620, na joto la Kasenyi na Tchomia, ukingoni mwake, si la hapa kwetu. Mtumbwi ukitikiswa garini toka hapa kupitia Bogoro hadi ziwani, kisha ukaachwa juani, maungio hufunguka. Kwa hiyo kazi ya kuziba ianze Saio, imalizikie ukingoni mwa ziwa.

La kushika kuliko yote ni hili: ubao ukinywa maji huvimba kwa upana, si kwa urefu. Ukishindilia pamba kwa nguvu katikati ya mbao zilizokauka, zikivimba hukosa pa kwenda, zikasukumana hadi misumari ikang'oka kwenye mataruma. Pamba ibane, isikabe.

Kwangua mwanya hadi uonekane ubao safi na mkavu. Uwe mpana kidogo kwa nje, mwembamba kwa ndani, ili pamba isipenye ikaanguka. Sokota pamba iwe nene kuliko mwanya, uipigilie kwa patasi butu, hatua kwa hatua, hadi ikae chini kidogo ya uso wa ubao. Nafasi inayobaki ni ya lami. Usizibe kwa saruji: mtumbwi hujinyonga kwenye mawimbi, nayo hupasuka.

Ungio la mkuku na ubao wa kwanza lipewe muda kuliko mengine yote. Mzigo ukishapangwa hapo juu, hakuna atakayelifikia.

Lami iyeyushwe nje, kwa moto mdogo, chombo kisizidi nusu. Usitie petroli ikiwa motoni. Ikiwaka, funika kwa kifuniko cha chuma. Maji huirusha ikaunguza watu.

Wengi hupigilia bati juu ya ungio linalovuja. Bati hushika unyevu, na ubao huoza bila kuonekana. Likitumika, lilinde pamba iliyokwisha kupigwa vizuri, lisichukue nafasi yake.

Ziwani, ufunge mtumbwi kwenye maji mafupi siku mbili au tatu, bila mtu wala mzigo. Unyevu unaopungua ni wa kawaida. Maji yanayobubujika mahali pamoja yanadai pamba mpya. Mteja ana haraka, basi siku hizo ziandikwe katika mapatano tangu mwanzo, pamoja na bei yake.