Seli isiyosikia ishara: somo la msamiati wa saratani

Anayefasiri maneno ya daktari kwa Kiswahili hukutana na sentensi kama hii: «Saratani imerudi kwa sababu kinga imeshindwa.» Ni nyepesi, lakini mara nyingine inapotosha. Tuone kwa nini.

1. Ishara inavyopita

Chembe nyeupe za damu za aina ya T zikiitambua seli ya saratani, hutoa protini iitwayo interferoni gama. Protini hii hushika kipokezi kilicho juu ya seli hiyo. Ndani, vimeng'enya viwili, JAK1 na JAK2, huamka na kuiamsha protini STAT1, ambayo huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni nyingine. Hapo seli hupunguza kukua, tena huonyesha nje vipande vingi zaidi vya protini zake, nazo chembe T huiona vizuri.

2. Ishara inapokatika

Mwaka 2016, watafiti wa Los Angeles, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 4 wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Walitibiwa kwa pembrolizumab, dawa inayozifungulia chembe T kazi yake. Uvimbe ulipungua, kisha ukarudi. Kwa mgonjwa mmoja jeni ya JAK1 ilikuwa imeharibika ndani ya seli za uvimbe. Kwa mwingine, JAK2. Kwa wa tatu iliharibika B2M, inayohitajika ili vile vipande vionekane nje. Kwa wale wawili wa kwanza, ishara ilifika mlangoni, lakini seli ilikuwa kiziwi.

3. Fundisho kwa mfasiri

Kusema «mabadiliko ya jeni» hakutoshi. Kuna badiliko jingine la JAK2, V617F, lililotambuliwa mwaka 2005: hilo huiacha JAK2 ikiwaka bila kuitwa, na uboho hutengeneza chembe za damu kupita kiasi. Jeni ni ileile, makosa ni kinyume.

Tena, mabadiliko ya wale wagonjwa yalizaliwa ndani ya uvimbe; hayakurithiwa. Tukisema tu «jeni mbaya», jamaa watasikia «ugonjwa wa ukoo», na mama atajilaumu bure.

Basi tuulize kwanza: badiliko liko katika seli gani? Limezima ishara au limeiwasha? Limerithiwa au limezaliwa katika uvimbe?

Zoezi: Andika upya sentensi ya mwanzo kwa ajili ya mgonjwa mwenye uvimbe uliopoteza JAK1. Usitumie neno «kushindwa».