Dondoo muhimu: Kabla ya kununua Nissan Leaf iliyotumika

Rangi isikupumbaze, kwenye gari la umeme lililotoka Japani, pesa yako iko kwenye betri.

1. Hesabu vistari vidogo vya afya ya betri kwenye dashibodi: kamili ni 12. Wengi huvichanganya na vile vya chaji vilivyo kando yake.
2. Pima betri kwa kifaa cha OBD (kinachosoma kompyuta ya gari) na programu ya LeafSpy. Muuzaji akikataa, ondoka.
3. Chungulia tundu la kuchajia; plastiki iliyoungua ni dalili mbaya.
4. Betri hii haipozwi kwa maji: usiliache gari juani likiwa na chaji kamili.
5. Pima pia betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari haliwaki.
6. Nyaya za rangi ya chungwa, zenye umeme mkali, usiguse, hata ukiwa fundi wa magari ya petroli.