Famakolojia Kabla ya Mtihani wa Leseni: Anza na Dawa za Hatari

Wanafunzi wengi wa uuguzi wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni hufungua daftari la famakolojia na kukariri majina kuanzia A. Wakifika D, za A zimeshapotea. Usijitese hivyo. Kwa kila dawa jiulize kazi ya muuguzi: nipime nini kabla ya kuitoa, nichunge nini baadaye, na ikigeuka sumu nitoe nini.

Zipange kwa makundi. Propranololi na atenololi hupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo hesabu mapigo kwanza, na muulize mgonjwa kama ana pumu. Kaptoprili na enalaprili hushusha presha, huweza kuleta kikohozi kikavu, na mjamzito hapewi. Dawa ngeni ikitokea kwenye swali, silabi za mwisho za jina zitakuonyesha ukoo wake.

Kisha chagua dawa chache za hatari uzijue mpaka ndani. Mimi ningeanza na magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza ni gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kwa dakika 5 au zaidi, ikiwa na nguvu ya asilimia 20. Ukipewa ya asilimia 50, chukua mililita 8 uongeze mililita 12 za maji ya sindano. Hapa ndipo hesabu huwapotosha watu. Hufuata gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4, hadi saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote litakalochelewa. Kabla ya kurudia dozi, mama awe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu uruke, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri. Pumzi ikikata, msaidie kupumua na umpe kalsiamu glukoneti gramu 1, taratibu, kwenye mshipa. Funga daftari uyaandike haya yote kwa kichwa, leo na tena wiki ijayo.

Vipinga sumu vingine ni vichache: naloksoni kwa mofini, protamini kwa heparini, vitamini K kwa wafarini, asetilisisteini kwa parasetamoli.

Hesabu zifanye kila siku kwa mkono, bila simu. Dripu ya mililita 1000 kwa saa 8, mpira wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 hivi kwa dakika.

Na liko jambo usilolibahatisha, kwenye karatasi wala wodini: potasiamu kloridi haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa. Huchanganywa kwenye dripu na kuendeshwa polepole, kwa sababu ikiingia ghafla husimamisha moyo.