Deni Lipa, Vitisho Usivinunue



Leo namjibu mdogo wetu mmoja anayepikia madereva wa malori hapo Isaka, Kahama. Mtaji ulikatika, akapakua programu ya mikopo kwenye simu. Aliomba elfu hamsini, zikaingia pungufu, na baada ya siku saba akadaiwa zaidi ya alichopokea. Alipochelewa, mama mkwe wake, fundi wake wa cherehani na hata mteja wake dereva walipata ujumbe wenye picha yake: "Huyu ni tapeli, wewe ndiye mdhamini wake." Yeye akaambiwa asipotuma pesa kabla ya jioni, picha itasambazwa kwenye magrupu. Akakopa programu ya pili ili ailipe ya kwanza. Sasa anaona aibu hata kwenda sokoni.

Mdogo wangu, kwanza inua uso. Kukopa si dhambi, na kuchelewa kulipa hakukufanyi tapeli. Deni ni lako, utalilipa. Lakini anayekudai pesa kwa kukutisha anavunja sheria, hata kama kweli unadaiwa. Kanuni ya Adhabu inakataza kudai mali kwa vitisho, na ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa wanaowasumbua na kuwatisha wenzao mtandaoni. Anayedai kihalali ana njia za kihalali.

Wala hauko peke yako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Hizo ndizo kausha damu za kwenye simu, yaani mikopo inayomnyonya mkopaji. Unapopakua programu kama hiyo, inaomba ruhusa ya kuona namba za watu wako na picha zako. Ukibonyeza "ruhusu", tayari imebeba fimbo ya kukuchapia.

Sasa fanya hivi. Usifute ujumbe hata mmoja. Piga skrini shoti zinazoonyesha namba, tarehe na saa, na waombe mama mkwe na fundi wakutumie walichopokea. Tunza meseji za miamala pia, kwa sababu zinaonyesha jina la aliyepokea pesa. Ukishahifadhi, ingia kwenye mipangilio ya simu, ondoa ruhusa zote, kisha ifute programu.

Halafu wawahi watu wako. Waandikie: "Nilikopa kwenye simu, nimechelewa kulipa, wanatuma ujumbe wa kunichafua. Wewe si mdhamini, usiwatumie chochote." Najua ni ngumu kumwandikia mama mkwe hivyo. Lakini mtishaji anauza siri yako; ukiisema mwenyewe, hana tena cha kuuza.

Nenda polisi na ushahidi wako, fungua jalada, upewe namba ya taarifa (RB). Kwa namba na picha zilizochukuliwa, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Deni lenyewe lipa kwa njia rasmi, udai risiti. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi, usitume. Na usikope tena kulipia mkopo.

Ukitafuta mtaji, anzia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Muulize pia afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Haina riba.

Na nyie wengine mnaotishwa na mpenzi wa zamani mwenye picha zenu, msimlipe. Ukimpa elfu ishirini leo, umemfundisha bei, kesho atarudi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto hapo polisi. Bosi akikutaka kimwili ndipo upate au ubaki na kazi, hiyo ni rushwa ya ngono: ipigie taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, namba 113, ni bure.

Ukitishwa leo, usilale na jambo hili peke yako. Kabla ya jioni, mwambie mtu mmoja unayemwamini, mwende naye kituoni.

Dada yenu.