Ulezi na Mtama: Je, Uji Mwekundu Huongeza Damu?

Katika kliniki za wajawazito na za watoto, ulezi husifiwa mara kwa mara kuwa ni nafaka inayoongeza damu. Sifa hiyo hutokana zaidi na rangi yake iliyokoza kuliko virutubishi vyake, nayo ina hatari: mama mwenye upungufu wa damu anaweza kuacha vidonge alivyoandikiwa kwa kuamini kwamba uji unatosha. Makala haya yanalinganisha ulezi na mtama, nafaka mbili zinazostahimili ukame na ambazo kwa kawaida husagwa bila kukobolewa.

Virutubishi katika gramu 100 za nafaka nzima kavu

Viwango hivi ni vya wastani. Hubadilika kulingana na aina ya mbegu na udongo.

- Nishati: ulezi takribani kilokalori 320, mtama 335.
- Protini: ulezi gramu 7, mtama gramu 10.
- Makapi-mlo: ulezi gramu 11; mtama gramu 10.
- Kalsiamu: ulezi miligramu 350, mtama miligramu 25 hivi.
- Madini ya chuma: ulezi miligramu 4 hadi 5, mtama karibu 4.

Tofauti kubwa, basi, ipo kwenye kalsiamu inayojenga mifupa na meno. Hapo ulezi hauna mpinzani miongoni mwa nafaka zetu, ingawa mwili hufyonza kalsiamu ya maziwa kwa urahisi zaidi. Mtama huuzidi ulezi kwa protini, lakini sehemu ya protini hiyo huwa ngumu kumeng'enywa baada ya kupikwa. Kwa madini ya chuma, nafaka hizi zinakaribiana mno.

Rangi si damu

Rangi ya ulezi na ya mtama mwekundu hutokana na kemikali za ganda, zikiwemo tanini. Tanini, pamoja na faiteti, hushikamana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasifyonzwe. Kikombe cha uji hutumia takribani gramu 30 za unga, yaani chini ya miligramu 2 za chuma, na ni sehemu ndogo tu ya kiasi hicho inayoingia mwilini. Mjamzito huhitaji takribani miligramu 27 kwa siku. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza apewe kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki.

Maandalizi yanayoongeza faida

Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza faiteti. Kuchachusha pia hurahisisha umeng'enyaji wa protini ya mtama. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, unga kidogo wa kimea cha ulezi ukikorogwa katika uji mzito uliopoa kiasi huulainisha bila kuongeza maji. Kisha uji uchemshwe tena. Kwa kimea, ulezi ni salama zaidi: machipukizi na mizizi ya mtama huwa na kemikali inayozalisha sianidi, hivyo ni lazima yaondolewe yote kabla ya kusaga.

Ushauri kwa mhudumu na mgonjwa

1. Uji uambatane na tunda lenye vitamini C, kama chungwa, pera au ubuyu. Chai inyweke angalau saa moja kabla au baada ya mlo.
2. Nafaka zote mbili zina upungufu wa laisini; ziliwe pamoja na maharage, kunde, dagaa au maziwa.
3. Mwenye kisukari azingatie kipimo. Takribani theluthi mbili ya nafaka hizi ni wanga, na uji wa unga laini wenye sukari hupandisha sukari ya damu haraka.
4. Mwenye upungufu wa damu apimwe ili chanzo kijulikane, kwani malaria, minyoo na selimundu havitibiwi kwa uji.

Ulezi upendekezwe kwa ajili ya mifupa, na mtama kwa ajili ya shibe na protini. Mjamzito asizuiwe uji wake. Aelezwe kwamba uji ni chakula, na vidonge vinabaki kuwa vidonge.