Oili Chafu na Visima vya Wajir

Miji ya Wajir na Mandera, kwa kuwa mbali na nyaya kuu za umeme, ilitegemea injini za dizeli kwa miaka mingi. Oili ya injini ikichakaa huwa taka ya hatari, maana imechukua masizi na chembe za chuma. Huko Wajir jambo hili ni zito zaidi: watu na ngamia hunywa maji ya visima vifupi, na mchanga na mawe ya chokaa hayazuii uchafu kushuka.

Basi msimamizi wa kituo afanyeje? Wengi hufikiri kwanza habari ya mapipa. Sivyo. Kwanza na aandike kitabuni oili iliyoingia na iliyotoka. Inayopungua imeungua ndani ya injini, ama imevuja ardhini. Ikizidi kupungua, fundi atazame viungo vyote. Tena oili isimwagwe kwa kufuata kalenda tu. Ipimwe, na ikiwa ingali njema, na mtengenezaji wa injini aruhusu, iendelee kutumika. Vumbi la kule huichakaza upesi, kwa hiyo machujio ya hewa yaangaliwe mara kwa mara.

Itakayobaki itiwe katika mapipa yenye vifuniko, chini ya paa, juu ya saruji yenye ukingo, kisha ichukuliwe na mwenye leseni ya NEMA, kama zitakavyo kanuni za taka. Wako watakaoiomba wapake nguzo za boma kuzuia mchwa. Wasipewe, kwani mvua huiosha nguzoni ikaingia mchangani, na kisima hakiko mbali.